Mafuta ya kukaangia yaliyochoka: yanafanya nini mwilini, na namna ya kuyatumia bila kujiumiza

Majiko mengi ya kwetu yana kopo la mafuta yaliyotumika. Wengine wanatumia kopo la maziwa ya unga, wengine chupa ya maji ya lita moja na nusu, wengine kibakuli tu kilichofunikwa na sahani, na humo ndani kuna mafuta yaliyokaangia samaki juzi, mihogo jana, na leo yanasubiri maandazi. Sina nia ya kumwambia mama yeyote amwage mafuta kila akimaliza kukaanga, bei ya mafuta tunaijua wote na ushauri wa hivo hautekelezeki. Ninachotaka tuelewane ni kwamba mafuta hayaharibiki ghafla, yanaharibika hatua kwa hatua, na kuharibika huko kuna dalili nyingi ambazo macho na pua vinazikamata, tatizo ni kwamba tunaziona hizo dalili na tunaendelea kukaangia.

Tuanze na kinachotokea ndani ya karai, ukikielewa hiki mengine yote yatakuja yenyewe. Kukaanga kwa kuzamisha kunafanyika kwenye joto la nyuzi 160 mpaka 180 hivi, na kwenye joto hilo mafuta yanashambuliwa na vitu vitatu kwa pamoja, maji, hewa na joto lenyewe. Maji yanatoka kwenye chakula, ule mlio wa chwaaa ukitumbukiza kiazi ni maji ya kiazi yanageuka mvuke, na mvuke ukipita kwenye mafuta ya moto unayavunjavunja yanaachia asidi huru. Asidi hizo zikizidi mafuta yanaanza kufuka moshi mapema, ndo mana mafuta mapya unayaweka motoni na hayafuki lakini yale ya kopo dakika mbili tu jiko lote moshi. Hewa nayo, oksijeni ya juu ya karai inajishika kwenye mafuta inatengeneza peroksaidi, na peroksaidi kwenye joto kubwa hazikai, zinavunjika kuwa aldehaidi, hizo ndo zenye ile harufu kali na ndo ambazo watafiti wanazihofia zaidi kwa sababu zinajishika na protini za mwili. Aldehaidi mojawapo inaitwa akrolini, inatoka pale mafuta yanapoungua hasa, na hiyo unaijua hata kama jina hujawahi kulisikia, ndo inayokutoa machozi na kukukwaruza koo.

Joto lenyewe linafanya jambo la tatu, linaunganisha chembe za mafuta zinakuwa minyororo mikubwa. Angalia ukingo wa karai lako kwa nje na pale juu mafuta yanapoishia, utaona utando wa kahawia unaonata, unasugua na stilwaya na sabuni na hautoki. Hayo ni mafuta yaliyoungana kwa joto yakawa gundi, na gundi hiyo hiyo inaelea ndani ya mafuta ya zamani, ndo inayoyafanya yawe mazito, yatoe povu lisilozimika na yang'ang'anie kwenye chakula. Kwaiyo mafuta yaliyochoka yanakuumiza mara mbili, yameharibika alafu pia chakula kinayanywa mengi zaidi, chipsi zinatoka zimelowa, ukizishika karatasi yote imepenya.

Sasa mwilini. Watu wengi wakisikia mafuta yaliyorudiwa wanawaza kansa moja kwa moja, mimi nasema kitu cha kwanza kukihofia ni mishipa ya damu. Mwaka 1999 watafiti wa New Zealand waliwapa wanaume wazima wenye afya zao mlo wenye mafuta yaliyokuwa yameshatumika kukaangia mgahawani, saa chache baadae wakapima mshipa wa mkono unavyotanuka damu ikiongezeka, na uwezo wa kutanuka ulikuwa umeshuka vibaya sana, wakati walipokula mlo wenye mafuta kidogo haikutokea hivo. Hapo ni mlo mmoja tu, na mshipa unarudi kwenye hali yake. Sasa weka hilo mara tano kwa wiki, miaka kumi, kwa mtu ambaye chipsi kavu ndo chakula chake cha usiku.

Utafiti mwingine ninaoupenda kwa sababu uliingia mpaka majikoni kwa watu ulifanyika Pizarra, mji mdogo wa mkoa wa Málaga kule Hispania. Walichukua mafuta ya kukaangia nyumbani kwa watu, yaani kopo lile lile la pembeni ya jiko, wakayapima yamechakaa kiasi gani, wakawapima na wenyewe presha. Majibu yakachapishwa 2003, wenye mafuta yaliyochakaa zaidi ndo waliokuwa na presha zaidi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mafuta ndo yalileta presha, mtu anayerudia mafuta sana anaweza kuwa na mengine mengi maishani, lakini Malaysia wamelisha panya mafuta ya mawese na ya soya yaliyochemshwa mara tano na mara kumi, na presha ya panya ikapanda na kuta za mishipa zikabadilika, kwaiyo vitu viwili vinaelekeza sehemu moja.

Na hapa nataka niseme na upande wa pili ili msitoke hapa mnaogopa kila kilichokaangwa. Hispania hiyo hiyo waliwafuatilia watu wazima karibu 41,000 kwa miaka 11 hivi, matokeo yakatoka 2012, na waliokula vya kukaanga sana hawakuugua moyo kuliko waliokula kidogo. Kule wanakaangia zaidi mafuta ya zeituni na ya alizeti, na watafiti wenyewe walisisitiza kwamba mafuta hayo hayarudiwi rudiwi sana. Ukiziweka tafiti hizo pamoja unaona wazi kwamba kukaanga peke yake sio adui mkubwa, hali ya mafuta ndo inayoamua mambo. Uzito ni habari nyingine, mafuta ni mafuta, kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120 hata yawe mapya kutoka dukani.

Vingine vinavyosumbua ni tumbo na ini. Kiungulia, tumbo kujaa na kichefuchefu baada ya kula vitu vya mafuta ya zamani wengi mnavijua. Kwenye wanyama waliolishwa mafuta yaliyoharibika sana, ini linavimba kwa sababu ndo linalopewa kazi ya kuyasafisha. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kisukari, mwenye presha, mjamzito na mtoto mdogo hao ningewawekea sheria kali zaidi, wao wakaangiwe na mafuta mapya au wapikiwe cha kuchemsha na cha kuchoma.

Kansa sijaisahau. Kuna vitu viwili vinachanganywa. Kimoja ni moshi, taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani imeuweka moshi wa kukaangia kwenye joto kali katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha kansa kwa binadamu, na ushahidi mwingi ulitoka kwa wanawake wa China waliopata kansa ya mapafu bila kuvuta sigara, wapishi wa kila siku kwenye majiko yasiyo na hewa. Cha pili ni akrilamaidi, kemikali inayohofiwa kuleta kansa, hii haitoki kwenye mafuta, inatoka kwenye kiazi chenyewe au unga pale wanga unapokaangwa au kuokwa mpaka unakuwa kahawia, watafiti wa Sweden ndo waliotangaza mwaka 2002 kwamba imo kwenye chipsi na krispi na mikate. Kwaiyo hata ukiwa na mafuta mapya, ukiunguza chipsi umeitengeneza.

Alafu kuna wanaosambaza kwamba ukirudia mafuta mara moja yanageuka mafuta ya trans, aina ya mafuta iliyo mbaya kwa moyo. Yanayotengenezwa kwenye karai ni kidogo, yale mengi yanatoka kiwandani, mafuta ya maji yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni yakatumika kwenye majarini ngumu, mafuta mazito ya kuokea na biskuti, na hayo ndo Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni mwaka 2018 yaondolewe duniani kote. Soma lebo, ukiona pameandikwa yamegandishwa nusu kwa haidrojeni (partially hydrogenated) rudisha kwenye shelfu.

Mafuta gani yakaangie nini

Hapa watu wanagombana sana na kila mtu ana mafuta yake anayoyatetea. Alizeti ya kawaida zaidi ya nusu yake ni mafuta ya aina inayoungana na oksijeni haraka, kwaiyo kwa afya ya moyo ukiitumia kwenye mchuzi, kwenye kachumbari, kwenye kukaanga kitunguu ni nzuri mno, ila kwenye karai la kurudia rudia inachoka mapema kuliko mengine. Soya na mahindi hivo hivo. Mawese yaliyosafishwa, yale ya njano ya kwenye dumu, yanavumilia joto vizuri ndo mana wauza chipsi wanayapenda, lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha kolesteroli kwaiyo kuvumilia joto sio cheti cha afya. Nazi ni zaidi ya asilimia 80 ya aina hiyo. Zeituni ya kawaida inavumilia kukaanga vizuri tu, bei ndo mtihani.

Ushauri wangu: ukikaanga kwa kuzamisha mara moja moja na huyarudii sana, alizeti iliyosafishwa inatosha. Ukijua mafuta yako yatarudi karaini, tumia mawese yaliyosafishwa, ila kula vya kuzamisha mara chache. Ile alizeti inayokamuliwa na mashine za Singida na Dodoma, nyeusi nyeusi yenye harufu nzuri, ni tamu kwenye mboga lakini haijasafishwa, inafuka na kutoa povu kwenye joto dogo, usiikaangie chipsi. Na mawese mekundu ya Kigoma mtanisamehe wa kule, najua mnayachemsha mpaka yanafuka na rangi inatoka ndo mnapikia, ila ule wekundu ndo karotini, malighafi ya vitamini A, mkiuchoma ukaisha mmetupa kilicho bora kwenye mawese na mmebaki na mafuta yaliyoungua kabla hata ya kupika. Yaachie wekundu wake, moto mdogo, pikia maharage na samaki wa mchuzi.

Kabla ya kuwasha jiko

Mafuta ya kupima dukani sina ugomvi nayo kwa sababu ndo yanayowezekana kwa wengi, ila angalia dumu limewekwa wapi. Likiwa limekaa juani mbele ya duka wiki nzima, mfuniko wazi, mafuta yameshaanza kuharibika kwa mwanga na hewa kabla hujayanunua. Omba uyanuse. Mafuta mazima hayana harufu karibu kabisa, yakiwa na harufu ya karanga zilizokaa sana kabatini acha, nenda duka jingine. Na nyumbani usiyaweke kwenye dirisha au juu ya jiko, weka kabatini, chupa iliyofungwa.

Chakula kikaushe. Hii ndo hatua watu wanayoiruka na ndo rahisi kuliko zote. Viazi ukishavikata loweka kwenye maji baridi nusu saa, wanga na sukari ya juu inatoka na hiyo inapunguza akrilamaidi, alafu vichuje, vitandaze kwenye kitambaa safi vifute mpaka vikauke. Samaki pia, mfute. Chumvi weka baada ya kutoa kwenye mafuta, na samaki au kuku uliyemkolezea viungo kung'uta unga na viungo vinavyodondoka, kila chembe inayobaki karaini inaungua na kuyaharibu mafuta. Viazi vya kukaanga usivitunze kwenye friji vikiwa vibichi, baridi inageuza wanga kuwa sukari na vitatoka vyeusi hata moto ukiwa sawa.

Karai liwe la stenlesi au aluminiamu nzito, la chuma sawa kama halina kutu. Shaba hapana, na chuma chenye kutu hapana, vinachochea mafuta kuharibika. Lichague refu na jembamba kuliko pana, juu pakiwa padogo mafuta yanaguswa na hewa kidogo.

Moto

Kama una kipima joto cha jikoni weka 170, Ulaya kwenye kanuni zao za chipsi wanataka isizidi 175. Wengi hatuna, kwaiyo fanya hivi: dondosha kipande kidogo cha kiazi au cha mkate. Kikizama na kukaa chini bila kuchemka, bado. Kikipanda juu taratibu na vipovu vidogo vidogo pembeni vinavyocheza, anza. Kikipanda na kuanza kuwa kahawia pale pale, umezidisha, zima au toa karai motoni kidogo. Ukiona moshi, ujue joto limeshapita kiasi, na watu wengi wamefundishwa kinyume, kwamba subiri mafuta yafuke ndo yameiva. Mafuta kufuka ni mafuta kuungua, hakuna kuiva hapo.

Usijaze chakula, ukijaza joto linashuka, chakula kinanyonya mafuta, unaongeza moto, kikiisha unatoa chakula na moto uko juu na karai tupu linaungua. Kati ya raundi na raundi punguza moto. Kinachoua mafuta zaidi ni zile dakika yanakaa motoni bila kitu ndani huku wewe unasukuma maandazi mengine au umepokea simu. Chota vipande vilivyodondoka na kijiko chenye matundu kila raundi. Na toa chakula kikiwa na rangi ya dhahabu, usisubiri kahawia.

Mafuta yakishika moto, funika na mfuniko wa bati na zima gesi. Usimwage maji hata kidogo.

Ukimaliza, na hapa ndo kopo linapoingia

Zima, acha yapoe mpaka vuguvugu, chuja. Chujio la chai halitoshi, weka kitambaa cha pamba safi juu yake, ule unga mweusi wa chini usiumimine, utupe. Mimina kwenye chupa ya glasi safi na kavu, jaza mpaka karibu na shingo ili hewa ibaki kidogo, funga, weka kabatini penye giza au kwenye friji. Kuyaacha ndani ya karai, wazi, mpaka kesho ni kuyapa oksijeni usiku mzima.

Alafu bandika karatasi na andika: yamekaangia nini na mara ya ngapi. Inaonekana kazi ya bure lakini bila hiyo hakuna anayekumbuka, hasa nyumba yenye wapishi watatu. Sheria ninayoifuata mimi ni hii, viazi, mihogo na maandazi mafuta yarudi mara mbili, mwisho tatu kama yametulia, ya kuku wa unga yarudi mara moja basi, ya samaki usiyarudie, na kama ni lazima yarudi kwa samaki tu ndani ya siku mbili hizo hizo, kwa sababu mafuta ya samaki mwenyewe yanaingia karaini na ni aina inayoharibika haraka mno. Na dagaa nao ni samaki, kabla mtu hajauliza. Haya mengine yakikaa zaidi ya wiki tatu bila kutumika yanuse kwanza.

Kitu ambacho karibu wote tunafanya na hakifai ni kuongezea. Mafuta yamebaki nusu, unamimina mapya juu ya ya zamani, unaona yamekuwa mapya. Yale ya zamani yana asidi na peroksaidi ndani yake na zinaanza kuyala mapya mara moja, umeharibu mafuta mazima ya elfu kadhaa ili kuokoa nusu kikombe. Yaliyobaki kidogo tumia kukaangia kitunguu cha mchuzi leo leo yaishe, kesho anza upya.

Dalili za kuyaacha, na ukiona hata moja acha: yanafuka kabla ya kupata moto wa kukaangia. Yana povu dogo dogo jingi linalofunika juu na halizimiki ukitoa chakula, tofauti na mapovu makubwa ya mvuke ambayo ni ya kawaida. Yamekuwa mazito, ukiinamisha chupa yanashuka kwa kujivuta. Yananata kidoleni. Yana harufu kali au ladha inayokwaruza koo. Rangi nimeiacha mwisho makusudi kwa sababu rangi inadanganya, maandazi yenye iliki na sukari yanayatia rangi haraka na bado mazima, na mafuta meupe yanaweza kuwa yamechoka kabisa. Nchi kadhaa za Ulaya wana kipimo cha maabara kwa migahawa, mafuta yakifikisha kati ya asilimia 24 na 27 ya uchafu unaotokana na kuharibika yanatupwa kwa sheria. Kwetu majikoni tuna macho na pua, tuvisikilize.

Ukila nje

Kibanda cha chipsi saa mbili usiku, karai linachemka, foleni ndefu. Simama upande ambao upepo unakuletea mvuke wa karai. Macho yakiwasha, unajua tayari. Angalia ukingo wa karai una gundi nene kiasi gani, angalia povu, angalia chipsi zilizotoka zinang'aa kwa mafuta au ni kavu. Na uliza, hamna ubaya, ila uliza vizuri:

"Kaka habari za kazi? Haya mafuta ni ya leo?"

"Nzuri dada karibu. Mapya kabisa hayo, jioni hii nimeongezea lita mbili."

Anaamini anachosema, hajakudanganya, na ndo mana elimu juu ya ubaya wa kuongezea mafuta naiona kubwa kuliko kugombana na wauzaji. Mwingine nilimuuliza akaniambia "mama mimi namwaga kila siku ya tatu, jumatatu na alhamisi njoo mapema", huyo ndo wangu. Wahi mapema jioni kuliko usiku wa manane, na siku unapoona hali sio, chagua cha kuchoma, mishkaki, mahindi, ndizi choma, viko pale pale kibanda cha pili. Mwezi wa Ramadhani napo sambusa, kachori na bagia zinakaangwa nyingi kwa siku mfululizo, anayekaanga kwa ajili ya kuuza apange mafuta ya wiki mapema kwenye hesabu yake kama anavyopanga unga.

Kwa wauzaji wenyewe, najua faida yenu ni nyembamba. Lakini mkichuja kila usiku, mkafunika karai, mkapunguza moto wateja wakipungua na mkakausha viazi, mafuta yale yale yanakaa mazima muda mrefu zaidi, na mafuta mazima yananywewa kidogo na chipsi, kwaiyo dumu linakwenda mbali zaidi. Anayebakisha mafuta mabovu anadhani anaokoa, kumbe yanaondoka kila sahani.

Na kuna hili la mafuta ya transfoma. Kenya na huku kwetu wizi wa mafuta ya transfoma umeripotiwa miaka mingi, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba yanauzwa ya kukaangia kwa kuwa hayachoki haraka. Hayo sio chakula kilichoharibika, ni sumu ya kiwandani, na transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali za PCB ambazo zinakaa mwilini miaka na zinahusishwa moja kwa moja na kansa. Mafuta yanayouzwa nusu ya bei ya sokoni, hayana lebo, hayabadiliki rangi wala hayafuki hata yakikaangiwa wiki nzima, usinunue, na ukijua anayeyauza toa taarifa.

Moshi wa jikoni

Anayekaanga anapata madhara kabla ya anayekula. Mama wa maandazi anayeamka saa kumi alfajiri na kukaangia kwenye kibanda cha mabati kilichofungwa, kwa kuni, na mtoto mgongoni, huyo ndo namuwaza kuliko mteja yeyote. Toa jiko nje au karibu na mlango, fungua dirisha la upande wa pili upepo upite, mtoto asikae jikoni wakati wa kukaanga, na mafuta yakianza kufuka toa karai motoni usiendelee kuvumilia. Kikohozi cha asubuhi kisichoisha usikizoee, nenda kapime kifua.

Mafuta yaliyokwisha

Usimwage kwenye sinki wala chooni, yanaganda kwenye bomba na kuziba, na kwenye mtaro yanafunika maji. Usiwape kuku wala mbwa ukidhani umewasaidia, wao pia wana ini. Yaache yapoe, yamimine kwenye chupa ya plastiki, funga, tupa na taka. Kidogo kidogo unaweza kuchanganya na pumba za mbao au karatasi za magazeti ukawashia mkaa, ila nje, sio ndani. Kuna wanaotengenezea sabuni ya kufulia na inatoka vizuri, lakini kostiki soda inachoma ngozi na macho vibaya, kama hujafundishwa na mtu anayejua mpe yeye mafuta atengeneze. Miji mikubwa kama Nairobi kuna wanaonunua mafuta yaliyotumika ya migahawa kwa ajili ya kutengeneza dizeli, ukiwauzia hakikisha unajua yanaenda wapi, kwa sababu kuna wanaoyachuja tu na kuyarudisha sokoni kwenye madumu. Chupa zako andika juu kwa kalamu nene, SI YA KULA, alafu ndo uziweke nje.